Kusaidia Bila Kubeba: Mwongozo kwa Aliyechoka Kuishi Maisha ya Mwenzake

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye akiamka asubuhi, kabla hajajua yeye mwenyewe ameamkaje, anasikilizia chumba cha pili. Amerudi? Amelewa? Amenuna? Mwenzake akiamka vizuri, naye siku yake inakuwa njema. Mwenzake akinuna, chai haipiti. Anamlipia madeni, anamsingizia malaria kwa bosi wake, anawaambia wakwe kwamba yuko safari ya Kondoa na kumbe amelala chumbani na nguo za jana. Anafanya yote kwa upendo, na bado kila mwezi mambo yanazidi kuharibika kwa wote wawili.

Hali hii huitwa utegemezi wa pande mbili. Mmoja anategemea pombe, kamari, dawa za kulevya, au hana uraibu wowote ila amezoea kufanyiwa. Wa pili anategemea kuhitajiwa. Huonekana zaidi kwa mke na mume, lakini nimeiona kwa mama na kijana wake mtu mzima, kwa dada mkubwa na wadogo zake, kwa wachumba, hata kwa marafiki wawili waliopanga chumba kimoja Nkuhungu, hapa Dodoma.

Fikra yenyewe ilianzia kwenye nyumba za walevi. Mwaka 1935 huko Marekani kilianzishwa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, Alcoholics Anonymous, na mmoja wa waanzilishi wake wawili alikuwa Bill Wilson. Mkewe, Lois, alifanya kazi dukani miaka mingi kumlisha mume mlevi. Mume alipoacha pombe, Lois hakupata raha aliyoitarajia. Siku moja mumewe alimhimiza wawahi mkutanoni, naye akamrushia kiatu. Baadaye alieleza kwamba hasira ile ilitokana na kuona wageni wamefanikiwa kwa muda mfupi pale aliposhindwa yeye kwa miaka yote, na sasa hahitajiki tena. Mwaka 1951 yeye na mwenzake walianzisha Al-Anon, vikundi vya ndugu wa walevi. Watoa tiba ya uraibu wakaja kuona jambo hilohilo kwa familia nyingi: mgonjwa anapona, halafu nyumba inayumba kwa sababu kila mtu alikuwa amejipanga kuuzunguka ugonjwa. Kufikia 1986 kikaanzishwa Phoenix, Arizona, chama cha wenye tatizo hili wenyewe, hata kama nyumbani kwao hakuna mlevi.

Jambo moja lishike mapema. Huu si ugonjwa ulioorodheshwa na madaktari wa akili, na hakuna kipimo chake cha hospitali. Ni mazoea. Kwa hiyo mtu asikubandike jina la mgonjwa, nawe usijibandike.

Jambo la pili ni la kwetu. Ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni unasema "jipende kwanza, achana naye". Huku Dodoma ushauri huo haukai. Mwaka ambao mvua inakatika mwezi wa pili na uwele unakauka shambani, nyumba inakula kwenye ghala la kaka. Mtoto wa dada anaandikishwa shule kwa mfuko wa mjomba. Kutegemeana namna hiyo ndiko kulikotuvusha, na sitamwambia mtu yeyote aone haya kwa kumsaidia nduguye. Ninachosema ni kwamba ipo misaada inayomwinua mtu na ipo inayomkalisha chini, na kazi yetu ni kuitenganisha. Humwachi mtu. Unaacha kumfanyia kilicho chake.

Kabla ya yote: je, uko salama?

Kama mwenzako anakupiga, anakutishia kwa panga, anakunyang'anya simu au anakulazimisha kitandani, usianze na hatua za hapa chini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "kuanzia leo sitalipa", unaweza kulipa kwa uhai wako. Anza na usalama. Weka kwa mtu unayemwamini kitambulisho chako cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na nauli. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au umwone ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtoto akiwa hatarini, namba 116 ni ya bure. Na asikutishe mtu kwa mila: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo.

Wapo watakaomwambia mwanamke anayepigwa kwamba anakaa pale kwa kuwa "amezoea kumtegemea". Nalikataa hilo kwa nguvu zote. Mwanamke mwenye watoto wanne, anayelima shamba la ukoo wa mume na hana akiba, anabaki kwa kuwa hana pa kwenda. Huyo anahitaji pa kulala, kipato na ulinzi. Kumpa somo la kujitambua kabla ya hayo ni kumtwisha kosa la mwingine.

Kama uko salama, endelea.

Hatua ya kwanza: andika unachombebea

Chukua daftari dogo na uliweke pasipoonekana. Kwa wiki mbili, kila usiku andika ulichomfanyia mtu huyu, na mbele yake andika: nisingefanya, ingekuwaje, na ingempata nani? Usijihukumu, usibadili chochote bado. Andika tu.

"Jumatatu: nimelipa deni lake dukani kwa Mangi. Nisingelipa, Mangi angemfuata yeye." "Jumanne: nimempigia mwenye pikipiki, nimesema tairi imepasuka ndiyo maana hesabu haijafika. Nisingepiga, angenyang'anywa pikipiki." "Alhamisi: sijaenda kikoba, niliogopa kumwacha peke yake. Nisingebaki... sijui." Ile "sijui" nayo iandike. Mara nyingi ndipo penye habari kubwa kuliko kote, kwa sababu inaonyesha hofu ambayo hujawahi kuijaribu kama ni ya kweli.

Andika pia mambo yasiyo ya pesa. Kukaa macho hadi saa nane usiku ukisikilizia geti. Kupekua simu yake. Kumchagulia maneno ya kumjibu dada yake. Kucheka kitu kisichokuchekesha ili asinune.

Hatua ya pili: chambua msaada na mzigo

Hapa usiharakishe. Kila ulichoandika kipitishe kwenye maswali haya.

La kwanza: hawezi, au amezoea kutofanya? Mama mkwe aliyepooza hawezi kujiogesha. Mdogo wako aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) miaka miwili iliyopita na bado analala sebuleni kwako Ipagala anaweza kufua mashuka yake, anaweza kuchota maji, anaweza kwenda kutafuta kibarua huku akisubiri ajira. Ukosefu wa ajira ni wa kweli na si kosa lake. Mashuka ni yake.

La pili: madhara ya alichofanya yanamwangukia nani? Mtu akitapika sebuleni usiku na wewe ukadeki kabla hajaamka, yeye asubuhi anaona sakafu safi. Kwa macho yake hakuna kilichotokea. Umemwondolea ushahidi, na mtu hawezi kujuta jambo asiloliona.

La tatu: ukimfanyia leo, kesho atakuwa amesogea karibu na kujifanyia mwenyewe, au amesogea mbali? Kumsindikiza hospitali mara ya kwanza kunamsogeza karibu. Kumchukulia dawa kila mwezi, kumkumbusha saa, kumfungulia kopo na kumsihi ameze, kama akili yake ni timamu na mikono anayo, kunamsogeza mbali.

La nne ndilo ninaloliamini kuliko yote: je, unaweza kulisema mbele ya watu wazima wa ukoo wenu bila kupunguza kitu? Msaada wa kweli unasemeka. "Nampa shemeji unga kila mwezi" inasemeka. "Nilikopa kikoba kwa jina la biashara ya vitenge, nikampa akalipe deni la kubeti" inakwama kooni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na nyumba hizi zinaumbuliwa kila siku: mkopo usiojulikana unaibuka, na wanaogombana ni mke na ukweni wakati mwenye deni amelala.

Nikae kidogo kwenye pesa, kwa sababu ndiyo inayoangamiza familia nyingi hapa mjini. Tuseme kijana wa Kizota anaendesha bodaboda na anabeti. Jioni hesabu ya bosi imepungua, anakopa kwenye simu. Mkopo wa simu ukimshinda, anaenda kwa wakopeshaji wa kausha damu, wanaochukua kadi ya benki au televisheni kama dhamana, na riba inapanda kwa wiki. Wakopeshaji wanakuja kugonga nyumbani. Mama anaona aibu mbele ya majirani, anauza mbuzi wawili, analipa. Usiku huo wote wanalala vizuri. Mama ameona faraja, kijana ameona faraja, na mbuzi wameenda.

Angalia kilichojengeka. Kijana amejifunza kwamba deni lina mwisho, na mwisho wake ni zizi la mama. Hakulijua hilo kwa ubaya; mwili na akili vya mtu yeyote hujifunza njia inayofanya kazi. Mama naye amejifunza kwamba kulipa kunaondoa aibu haraka. Mara ya tatu au ya nne hawasemezani tena juu ya kubeti, wanasemezana juu ya mbuzi.

Je, mama afunge mlango na kumwacha mwanawe ateswe? Hapana. Atenganishe. Wajukuu wanakula: awape unga na mafuta, awape mkwe wake mkononi, asitoe taslimu. Kijana akiumwa atibiwe. Akitaka kwenda kwa wakopeshaji kuomba apangiwe kulipa kidogo kidogo, mama anaweza kumsindikiza na kukaa pembeni, maneno aseme mwenyewe. Deni ni la kijana. Pikipiki ikinyang'anywa, inanyang'anywa. Najua jinsi sentensi hiyo inavyouma kwa mzazi, na sina njia ya kuilainisha.

Hatua ya tatu: itafute hofu yako

Ukishajua unabeba nini, jiulize kwa nini unashindwa kukitua. Wengi husema "namhurumia". Huruma ipo, lakini chini yake kuna kitu kingine, na kila mtu ana chake.

Kuna aliyelelewa na baba mlevi. Akiwa na miaka minane alishajua kusoma hatua za miguu ya baba mlangoni, akajua kuwaficha wadogo zake. Ujuzi ule ulimwokoa wakati ule. Leo ana miaka arobaini na bado anasoma hatua za miguu, na pengine alimchagua mume anayemfanya aendelee kuzisoma. Kuna binti wa kwanza aliyesifiwa tangu utoto kwamba "huyu ni mama wa nyumba", akakua hajui kama angependwa hata asipofanya kazi. Kuna anayeogopa maneno ya watu kanisani au msikitini. Kuna anayeogopa ukimya wa nyumba kama mwenzake akipona na kuanza kutoka bila yeye.

Jaza sentensi hii kwa maandishi: "Nikiacha kumfanyia hili, naogopa kwamba..." Ijaze mara tano kwa majibu tofauti. Jibu la tano huwa ndilo la kweli. Kama jibu lako ni "atakufa", usilibebe peke yako. Ruka hadi sehemu ya tiba hapa chini.

Hatua ya nne: chagua jambo moja, ulisemee

Moja tu. Watu wengi wakiamka wanataka kutua mizigo yote siku moja kwa hasira, wanatangaza masharti kumi saa tano usiku, na kufikia Jumapili yote yameshavunjika. Chagua dogo unaloweza kulisimamia hata ukiwa na homa. Kwa wengi napendekeza waanze na kuacha uongo: kuanzia sasa sitadanganya kwa niaba yako. Haligharimu pesa, halimnyimi mtu chakula, na linatikisa nyumba nzima.

Sema asubuhi, akiwa hajanywa, watoto wakiwa shule. Sema kwa heshima yake ya siku zote na kwa maneno machache:

"Baba watoto, nina jambo moja. Bosi wako akinipigia tena kuuliza kwa nini hujaenda kazini, sitamwambia unaumwa. Nitampa simu, au nitamwambia akutafute mwenyewe. Sijakuchukia. Chakula nitapika kama kawaida."

Kwa mtoto mkubwa: "Mwanangu, deni la safari hii sitalilipa, na la safari ijayo sitalilipa. Ukija kula, karibu. Ukitaka tukae tupange utalilipaje wewe, nitakaa nawe."

Zingatia kwamba maneno haya yote yanahusu utakachofanya wewe. Ukisema "usinywe tena", umempa amri ambayo huna namna ya kuisimamia, na kesho utakuwa mlinzi wa mdomo wake. Ukisema "sitadanganya", utekelezaji uko mikononi mwako. Na usiongeze vitisho usivyokusudia. Mtu aliyesikia "nitaondoka" mara ishirini anajua huondoki.

Hatua ya tano: ndugu

Vitabu vya nje hupita hapa haraka, na kwetu hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa. Ndoa yako haiko chumbani kwako tu. Siku utakapoacha kulipa, simu zitapigwa kutoka Mpwapwa hadi Dar es Salaam, na utasikia "umemtupa mwenzio", "mwanamke gani huyu", "damu ni nzito kuliko maji".

Watangulie. Kabla hujamwambia mhusika, tafuta mtu mmoja au wawili wa upande wake wanaosikilizwa: baba mdogo, shangazi, mshenga wa ndoa yenu. Nenda nyumbani kwao, usipige simu. Salimia, kaa, ngoja chai. Kisha eleza bila kumtukana: "Shikamoo shangazi. Nimekuja kwa ajili ya mwanao. Nimekuwa nikimlipia na kumfichia, na naona namharibu. Nimeamua jambo moja, nataka ulijue kwangu kabla hujalisikia kwa wengine." Mpe nafasi ya kukushauri. Mwombe kitu kimoja mahususi: asimlipie na yeye. Mzigo ukitua kwa mke ukadakwa na dada, hakuna kilichobadilika isipokuwa mbebaji.

Kikao cha familia kinaweza kusaidia kama kina watu wachache na kiongozi mtulivu. Kikao cha watu kumi na tano cha kumsuta mtu mzima mbele ya shemeji zake huishia kwa yeye kutoka na kwenda moja kwa moja kilabuni. Viongozi wa dini nao chagua kwa makini. Mchungaji, padri au shehe anayejua kusikiliza ni hazina. Anayekwambia "vumilia tu, funga na kuomba" bila kuuliza watoto wanakula nini, mshukuru kwa heshima, nenda kwa mwingine.

Hatua ya sita: itachafuka kwanza

Tegemea wiki kadhaa mbaya. Mtu aliyezoea kubebwa akiwekwa chini hulia kwa nguvu zaidi. Atanuna, atakusifu ghafla, ataleta zawadi, ataugua, atakuambia umebadilika tangu uanze kuongea na wale wanawake wa kikoba. Hapo kuna mtego mmoja lazima uujue: ukikataa mara nne ukakubali ya tano, umemfundisha kwamba bei ni kusumbua mara tano. Safari ijayo ataanzia hapo. Ndiyo maana nilisisitiza uchague jambo dogo unaloliweza.

Akisema atajiua usimjibu kwa dharau, na usimpe pesa ili anyamaze. Mchukulie kwa uzito wote. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za kuua wadudu shambani na za mifugo, mwite ndugu mwingine, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kama alikuwa na nia kweli, umemwokoa. Kama alikuwa anakutisha, amejua kwamba maneno hayo yanampeleka kwa daktari na si kwenye pochi yako.

Nawe utajisikia mwenye hatia hata kama hujakosa. Moyo utaenda mbio, utataka kumpigia simu "kumwuliza tu kama amekula". Ngoja nusu saa. Fanya kazi ya mikono: chambua mboga, fua, tembea hadi kwa jirani. Hamu ile hupanda na kushuka.

Hatua ya saba: rudisha vyako

Sehemu hii ni fupi kwa sababu unajua mwenyewe ulichoacha. Kwaya, upatu na wenzako, bustani ya mchicha, kulala mchana siku ya Jumapili, kumtembelea mama yako Bahi bila kuharakisha kurudi. Anza na kimoja chenye siku na saa maalumu, na watu wanaokusubiri. Nakushauri pia akiba kwa jina lako, hata kidogo. Akiba haina maana kwamba unajiandaa kuondoka. Inakuwezesha kuamua bila kuogopa njaa.

Muda huu utakapopatikana, usiutumie wote kumzungumzia yeye.

Tiba: yapo yasiyotibika nyumbani

Upendo hautibu uraibu, na ukali pia hautibu. Dodoma tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapa mjini, na inahudumia wenye uraibu wa pombe na dawa za kulevya, ikiwemo methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kwa walioizoea. Watu wanaliogopa jina la Mirembe kwa utani wa mitaani wa miaka mingi. Utani huo umewachelewesha wagonjwa wengi. Kama kwenda huko moja kwa moja kunakushinda, anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili.

Tahadhari moja ya kuokoa maisha: mtu anayekunywa sana kila siku, hasa gongo na pombe kali, asikatishwe ghafla nyumbani kwa kufungiwa ndani. Ndani ya siku chache anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuchanganyikiwa, hata kufa. Kuacha kwake kusimamiwe na wauguzi.

Wewe nawe unaruhusiwa kuonana na mshauri hata kama yeye amekataa katakata. Hiyo ndiyo maana nzima ya kazi ya akina Lois: familia haingoji mlevi apone ndipo ianze kupona.

Kuhusu watoto, waambie ukweli kwa kipimo cha umri wao. "Baba anaumwa pombe. Si kosa lako. Si kazi yako kumlinda. Ukiogopa, njoo kwangu au nenda kwa bibi." Usimtume mtoto kilabuni kumwita baba yake, usimfanye mpelelezi, usimlilie yeye usiku. Mtoto anayekuwa mfariji wa mama yake leo ndiye mbebaji wa kesho.

Na kama umefanya yote haya kwa muda mrefu na nyumba bado inaungua, Sheria ya Ndoa inatoa njia. Baraza la usuluhishi wa ndoa husikiliza wanandoa kabla shauri la talaka halijafika mahakamani, na mmoja wao hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Hilo la mwisho wajulishe hasa wenye viwanja vya pembeni, kuelekea Mtumba na Ihumwa, ambako mnunuzi anaweza kuja na fedha mkononi na mwenye kiu akamaliza biashara mezani.

Kama umejiona upande wa pili

Pengine umesoma hadi hapa ukagundua kwamba wewe ndiye unayebebwa. Basi fanya mambo machache wiki hii, bila hotuba na bila kuapa. Pokea simu za wanaokudai wewe mwenyewe, hata kama jibu lako ni "sina, nitakupa mia tano mia tano". Kitu kimoja unachofanyiwa kila siku, kifanye wewe kabla anayekufanyia hajaamka. Usiombe usifiwe kwa hilo. Ukitaka kwenda hospitali, mwombe akusindikize hadi getini, kisha ingia ujieleze kwa daktari kwa mdomo wako.